Kabla ya kuachia mshale

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Tukuyu

Jumamosi moja, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja jirani alisimama kwenye ngazi za msikiti wetu hapa Tukuyu akiwa ameshika kuku aliyekufa. Kuku huyo alikuwa amechomwa mshale ubavuni: tete lililochongwa, na mbele yake msumari uliopondwa kwa nyundo hadi ukawa bapa. Mama huyo si Muislamu, lakini ni jirani yetu wa miaka mingi. Kila Idi sahani ya pilau huvuka uzio kwenda kwake, na hairudi tupu. Nilimwamkia, nikamkaribisha aketi. Hakuketi.

"Mwanangu," akasema, "sikuja kugombana kwa ajili ya kuku. Nimekuja kwa sababu mshale huu, kabla haujampata huyu, ulipita mbele ya mjukuu wangu aliyekuwa akicheza mlangoni."

Waliorusha mshale ule walikuwa vijana wanne wa madrasa yetu, wenye umri wa kati ya miaka kumi na miwili na kumi na mitano. Tulipowaita na kuwauliza nani aliyewatia wazo hilo, walitazamana, kisha mmoja wao akanyoosha mkono wake kwangu kwa adabu. Alikuwa mkweli. Wiki mbili kabla ya siku hiyo, katika darsa la jioni, niliwasomea fadhila za kupiga mishale katika Uislamu. Niliwasimulia mashujaa. Adabu zake sikuwasomea, kwa kuwa adhana ya Magharibi ilitukuta, nikasema tutaendelea siku nyingine.

Makala hii ni ile siku nyingine.

Usiku huo, baada ya Isha, kamati ilikaa. Mzee mmoja alipendekeza pinde zote zichomwe na jambo liishe. Mzee wa pili alizungumza kwa sauti ya chini, na maneno yake ndiyo yaliyotutia fikra nzito. Alisema: "Enyi wanangu, katika zama hizi watu wakiona vijana wa Kiislamu wanajifunza silaha nyuma ya msikiti, hawataulizia Hadith. Watatuuliza tunamwandalia nani." Hakuna aliyeweza kumpinga. Sisi ni wachache katika wilaya hii ya Rungwe, na heshima tuliyo nayo mbele ya majirani wetu imejengwa na wazee wetu kwa miaka mingi. Inaweza kubomolewa kwa jioni moja.

Hata hivyo, kuchoma pinde kungewafundisha vijana jambo moja tu: kwamba yale tunayowasomea kitabuni hatuna nia ya kuwaona wakiyatenda. Basi tukaazimia mambo matatu. Kwanza, vijana na wazazi wao waende kuomba radhi, na kuku alipwe kwa jasho la vijana wenyewe. Pili, pinde zikabidhiwe. Tatu, mimi niliyeanzisha habari hii niichunguze kwa ukamilifu wake, katika dini, katika fani na katika sheria za nchi, kisha nirudi kwenye kamati. Hayo niliyoyakusanya ndiyo ninayowaletea wazazi wenzangu.

Sunna na adabu yake

Msingi wa jambo hili unafahamika. Katika Suratul Anfal, aya ya 60, Waislamu wameamrishwa kuandaa nguvu waziwezazo, na imepokewa na Uqba bin Amir (r.a.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu hiyo akiwa juu ya mimbari, mara tatu, kuwa ni kupiga mishale. Katika Bukhari tunasoma kwamba alipita kwa watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga shabaha, akawahimiza kwa kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mpiga mishale. Aliposema kuwa yeye yuko upande wa kundi moja, kundi la pili liliacha kupiga, kwani nani angeshindana na upande alioko Mtume? Ndipo akawaambia waendelee, yeye yuko pamoja nao wote.

Hayo niliwasomea. Ambayo sikuwasomea ni haya.

Imepokewa kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba mtu mmoja alipita msikitini akiwa na mishale, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru azishike ncha zake ili asimjeruhi Muislamu. Imepokewa kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) katazo la kumwelekezea ndugu yako silaha, hata kwa mzaha. Na imepokewa kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) aliwapita vijana wa Kiquraishi waliomsimika ndege akiwa hai ili wamfanye shabaha. Walipomwona walitawanyika, naye akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayefanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Ndugu msomaji, kuku wa jirani yetu alikuwa ndani ya Hadith hiyo hiyo. Laiti ningeisoma wiki mbili mapema.

Na iko habari ya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra. Mtume (s.a.w.) aliwaweka wapiga mishale hamsini juu ya kilima, chini ya uongozi wa Abdullah bin Jubayr (r.a.), akawaamuru wasiondoke mahali pao, ushindi uwe kwa nani. Walipoona adui amekimbia na ngawira iko wazi, wengi wao waliteremka. Kilichofuata kila mmoja wetu anakijua. Hatukuambiwa kwamba wale walikuwa wabaya wa shabaha. Walikosa subira ya kungoja amri. Hapo ndipo nilipoona kwamba fani hii, kwa kijana, ni mafunzo ya kujizuia kabla hayajawa mafunzo ya kurusha.

Upinde wa kuanzia

Mzazi anayetaka mtoto wake aanze asikimbilie upinde mkubwa. Kosa la kwanza la wanaoanza, kila mahali duniani, ni kuchukua upinde mzito kuliko nguvu zao. Mwili ukitetemeka, mkono hujifunza makosa, na kosa lililozoeleka huchukua muda mrefu kuliko ufundi wenyewe kuondolewa.

Uzito wa kuvuta unaweza kupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, kama ile wanayoitumia wanunuzi wa maparachichi. Ning'iniza upinde kwa kamba yake, ile ambayo wazee huiita upote, kwenye ndoana ya mizani, kisha uvute mti wake kuelekea chini mpaka urefu ambao mtoto huvutia. Soma kilo. Mtoto wa miaka kumi hadi kumi na miwili atosheke na kilo tano hadi saba. Mtu mzima anayeanza, mwanamume au mwanamke, atosheke na kilo tisa hadi kumi na mbili. Wanaowinda hutumia pinde nzito zaidi: majimbo mengi ya Marekani yanayoruhusu uwindaji wa upinde huweka kima cha chini cha kati ya kilo 14 na 23 hivi. Hiyo ni daraja ya mbali, haianzwi nayo.

Urefu wa kuvuta hupatikana kwa kunyoosha mikono pande zote mbili, kupima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi cha pili, na kugawa kwa mbili na nusu. Mwenye upana wa sentimita 165 atavuta takriban sentimita 66. Mshale wa anayeanza uzidi urefu huo kwa sentimita tano au zaidi, kwa sababu mshale mfupi unaweza kuvutwa ukapita nyuma ya mti wa upinde, na ukiachiwa hapo utaingia mkononi mwa mpigaji.

Pinde za kisasa ni za aina mbili kuu. Ya kwanza ina ncha zilizopinda kuelekea mbele, nayo ndiyo inayotumika katika Michezo ya Olimpiki, ambako shabaha huwekwa mita 70 na duara la katikati lina upana wa sentimita 12.2 tu. Ya pili ina magurudumu kwenye ncha zake, ambayo humpunguzia mpigaji sehemu kubwa ya uzito anapofikia mwisho wa kuvuta. Zote mbili hazipatikani kirahisi madukani kwetu, na bei yake si ya kila familia. Kwa hiyo sisi tulianza na kilichopo: mianzi iliyokauka vizuri chini ya paa, ikapasuliwa na kufungwa tabaka juu ya tabaka, kwa upinde wenye urefu unaokaribia kimo cha mtumiaji, na uzi wa nailoni wanaoutumia wavuvi wa Ziwa Nyasa kuwa upote.

Upinde wa kujitengenezea una masharti yake. Ukaguliwe kila siku kabla ya kutumiwa, na ukionekana ufa, hata mwembamba kama unywele, uvunjwe siku hiyo hiyo ili asiokote mtoto mwingine. Usiachwe na upote umekazwa usiku kucha. Usinyeshewe, na katika Tukuyu hilo si jambo dogo, kwani mvua hapa hutukuta karibu mwaka mzima. Na usiachiwe bila mshale, upinde wa aina yoyote ule: nguvu iliyokusudiwa kwenda na mshale hurudi katika mti na kuupasua.

Mpigaji avae kinga ya ngozi kwenye mkono unaoshika upinde, na kipande kingine cha ngozi kwenye vidole vinavyovuta. Kwa dada zetu, nguo ya stara haizuii chochote: mkono wa baibui ufungwe kwa kinga hiyo, na mtandio ubanwe vizuri kifuani ili upote usiukamate. Wazazi wanaodhani mchezo huu ni wa wavulana wamkumbuke Shehzana Anwar wa Kenya, mpiga upinde aliyebeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016. Na katika Olimpiki ya Tokyo, Mete Gazoz wa Uturuki alitwaa dhahabu ya wanaume, akitoka katika taifa ambalo mji wake wa Istanbul ulikuwa na uwanja maalumu wa wapiga mishale, Okmeydanı, tangu zama za Sultani Mehmed II katika karne ya 15.

Namna ya kupiga

Kwanza ijulikane jicho linalotawala. Mtoto anyooshe mikono, aunde tundu dogo kwa viganja vyake, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho mawili, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona kitu hicho ndilo la kulengea, na mkono wa upande huo ndio wa kuvutia.

Asimame ubavu ukielekea shabaha, miguu ikiwa imetengana kwa upana wa mabega. Aweke mshale juu ya upote, kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini yake. Mkono wa upinde ushike bila kubana, kana kwamba umeshika kifaranga. Avute kwa misuli ya mgongo, mabega yakikaribiana kwa nyuma. Mkono wa kuvuta ufike mahali pamoja kila mara, chini ya taya au pembeni mwa mdomo. Hapo ndipo nanga ya mpigaji ilipo: ikihama kwa upana wa kidole, mshale nao utahama shabaha nzima. Atulie. Alenge. Kisha vidole vilegee, wala visirushwe. Baada ya kuachia, abaki vile vile mpaka asikie mshale umefika.

Jambo la mwisho hilo ndilo gumu kuliko yote kwa vijana. Kila mmoja hutaka kushusha upinde haraka aone alipopiga, na kwa haraka hiyo hiyo mkono hushuka kabla mshale haujatoka.

Kuongeza ustadi

Anayetaka kuendelea asikimbilie umbali. Arudi karibu. Asimame mita tano kutoka kwenye gunia lisilo na duara lolote, apige bila kulenga, akisikiliza mwili wake tu. Zoezi hili huwachosha vijana kwa sababu halina ushindi, lakini ndilo linalotibu ugonjwa wa mpigaji ambaye, akiona tu duara, vidole humtoroka kabla hajatulia.

Kisha atafute mshikamano kabla ya shabaha. Mishale sita iliyokusanyika pamoja pembeni ni bora kuliko sita iliyotawanyika ikiwa na mmoja katikati, kwani mmoja ule ni bahati, na bahati haifundishi. Ikishakusanyika, kusogeza kundi zima hadi katikati ni kazi ndogo. Arekebishe jambo moja kwa siku, aliandike katika daftari, na aache akichoka. Mishale thelathini kwa utulivu inazidi mia moja kwa uchovu. Akiweza kuweka mitano kati ya sita ndani ya ukubwa wa sahani kwa mita tano, aende kumi, kisha kumi na nane.

Katika mashindano, wazazi wawe waangalifu na zawadi. Sote tunaona jinsi kamari za michezo zinavyowala vijana wetu. Hadith iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi imeruhusu zawadi ya ushindani katika mishale, ngamia na farasi, na wanazuoni wameeleza kuwa zawadi itoke kwa kiongozi au kwa mtu wa nje. Washindani wenyewe wakichanga fedha zote ili mmoja azichukue, bila ya njia iliyobainishwa na fiqhi, hapo wameingia katika kamari. Kwetu, mshindi wa mwezi hupewa daftari na kalamu kutoka mfuko wa madrasa.

Na kuwinda je?

Nilipomuuliza yule kijana wa kuku walikuwa wanajifunza kwa ajili ya nini, alijibu: "Tulitaka kwenda mlimani, ustadhi. Kuna nyani wanakula mahindi ya babu." Alisema Mlima Rungwe kama mtu anavyosema duka la jirani.

Basi na lielezwe wazi. Misitu ya mlima ule ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009. Ndani yake anaishi kipunji, kima ambaye wataalamu walimwona katika mteremko wa Rungwe mwaka 2003 na kumtangaza duniani mwaka 2005, ingawa jina lake wenyeji walikuwa wakilijua. Mwaka 2006 alipewa jenasi yake peke yake, na jenasi hiyo ikaitwa kwa jina la mlima wetu: Rungwecebus. Hapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu ya Rungwe na Kitulo na katika sehemu ya milima ya Udzungwa. Ukataji wa miti na uwindaji ndivyo vinavyommaliza. Yuko pia minde, swala wa msituni aliye adimu, ambaye naye anaponzwa na mitego. Kijana mmoja na upinde wa mwanzi anaweza kudhani anamsaidia babu yake, kumbe anaondoa kiumbe ambacho Allah (s.w.) amekiweka hapa na hakukiweka Ulaya wala Asia.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 inamtaka kila anayewinda awe na leseni, na inakataza njia kadhaa za kuwinda, ikiwamo silaha yenye sumu. Kuingia hifadhini na silaha bila kibali ni kosa, nayo silaha haimaanishi bunduki pekee; wapo waliohukumiwa kwa kukutwa na panga, mkuki na nyaya za mitego. Mwenye kutaka kuwinda kihalali aulize kwanza Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), au ofisi ya maliasili ya wilaya, aambiwe ni mnyama gani, eneo gani, msimu gani na silaha gani. Anayesumbuliwa na wanyama shambani apeleke taarifa serikali ya kijiji na ofisi hiyo hiyo. Wako wanaosema, "Mbona Wahadzabe wanawinda?" Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi wanaishi kwa upinde, mtoto wao huushika tangu akiwa mdogo kabisa, na ustadi wake huendelea kukomaa hadi utu uzima. Maisha yao si kibali chetu.

Akishapata ruhusa ya nchi, Muislamu ana hukumu za Mola wake. Suratul Maida imemkataza aliye katika ihramu kuwinda wanyama wa nchi kavu, na imeharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Katika Hadith ya Adiy bin Hatim (r.a.), Mtume (s.a.w.) alifafanua kwamba mpigaji ataje jina la Allah anapoachia, kwamba silaha ikimpata mnyama kwa makali yake huliwa, na ikimpiga kwa ubapa wake haliwi, na kwamba mnyama aliyepatikana amekufa ndani ya maji asiliwe, kwa kuwa haijulikani kama ni mshale uliomwua au ni maji. Akikutwa bado yu hai, lazima achinjwe. Na nyani na kima, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, hawaliwi kabisa. Basi safari ya vijana wetu mlimani isingekuwa na kitoweo hata kama isingekuwa na kosa.

Tazama jinsi shaka ilivyozingatiwa katika hukumu hizi. Asiye na hakika asile. Mwindaji mwema huongeza: asiye na hakika asiachie. Wenye uzoefu hupima umbali wao kwa mshale wa kwanza wa asubuhi, kabla mwili haujapata joto, kwa sababu mnyama hatakupa mishale mitano ya kujaribu. Umbali ambao mshale huo wa kwanza hauikosi sahani, siku baada ya siku, ndio umbali wako. Ukivuka hapo, unamjeruhi kiumbe akafie kichakani kwa maumivu ya siku tatu, nawe utaulizwa.

Uwanja ulio wazi

Nilirudi kwenye kamati na hayo yote. Yule mzee wa pili alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: "Mtafanyia wapi?" Nikamwambia, mahali ambapo kila mtu atatuona.

Tuliandika barua kwa serikali ya mtaa tukieleza nani atafundisha, nani atafundishwa, siku gani na saa ngapi, na nakala tukaipeleka kituo cha polisi. Tuliorodhesha pinde zote na tukazifungia kabatini. Hakuna anayekwenda nazo nyumbani. Kila mzazi alitia saini. Uwanja tuliouchagua uko kando ya barabara, hauko nyuma ya msikiti. Magunia yaliyojazwa majani makavu ya mgomba yamewekwa mbele ya ukingo wa udongo mrefu kuliko mtu, nyuma yake hakuna njia wala nyumba. Wapigaji husimama kwenye mstari mmoja. Filimbi mbili ni kusogea mstarini, moja ni kupiga, tatu ni kwenda kuokota mishale. Filimbi nyingi mfululizo ni kusimama papo hapo, hata kama upote umekwisha kuvutwa. Majirani waliambiwa kwamba watoto wao wanakaribishwa kwa masharti yale yale, na wawili wamekuja.

Kijana aliyempiga kuku alibeba mikungu ya ndizi sokoni kwa Jumamosi tatu mpaka deni likaisha. Kisha tukamweka miezi miwili bila kugusa upinde. Kazi yake ilikuwa filimbi. Jioni moja mbuzi alikatiza nyuma ya mstari wa shabaha, na kabla sijamwona, filimbi ilikuwa imelia mfululizo. Vijana sita waliokuwa wamevuta upote waliurudisha taratibu, na hakuna mshale uliotoka. Sikuwapa mawaidha siku hiyo.

Mzee wetu hajafika uwanjani hata mara moja. Barua alitia saini, lakini moyo wake bado haujatulia, na simlaumu. Hofu yake ndiyo iliyotufanya tuufungue uwanja, na akiondoka mtu wa kututahadharisha, tutarejea nyuma ya msikiti bila kujua.

Wazazi wenzangu, watoto wetu wanatusikiliza kuliko tunavyodhani. Ukimsimulia mwanao ushujaa, mwambie siku hiyo hiyo na mipaka yake. Usiseme utaendelea kesho, kwani huenda kabla ya kesho amekwisha kuchonga mshale. Tunamwomba Allah (s.w.) awahifadhi watoto wetu na watoto wa majirani wetu, na atujaalie ilimu itanguliayo matendo. Amin.

Wallahu a'alam.